Ruzuku ndogo, fomu kubwa

Wiki hii hakuna msimbo. Waliokuja hapa kutafuta sehemu ya tatu ya makala yangu kuhusu hifadhidata wanivumilie, inakuja. Kuna jambo limenikaa kooni tangu Machi na nataka kulitoa kwanza. Kompyuta zimo humu pia, msiondoke.

Jambo lenyewe ni ruzuku ndogo. Nazungumzia zile pesa ambazo wakfu, ubalozi, shirika au kampuni hupea kikundi cha kijijini ili kifanye kitu kimoja kinachoonekana: tangi la maji, mizinga ya nyuki, cherehani tano. Hazirudishwi. Nasema hivyo kwa sababu watu wengi huchanganya. Mfuko wa Vijana ulioanza 2006, wa Wanawake wa 2007 na Uwezo wa 2013 ni mifuko ya mikopo, hata pale ambapo riba haipo. Mkopo una hesabu yake: ukilipa, mmeachana. Ruzuku hulipwi pesa, unalipa karatasi. Na hizo karatasi ndizo nimezikalia tangu mwaka jana.

Mama mdogo wangu ni mweka hazina wa kikundi cha wanawake 22 huko Makueni. Sitakitaja jina kwa sababu bado wanaomba pesa kwa watu, na mfadhili wao simtaji pia. Makueni ni maembe. Kuanzia Desemba hadi Machi yanaiva yote kwa mpigo, bei inaanguka, madalali wanakuja na malori na bei yao kichwani, na yanayobaki yanaozea chini ya miti huku nzi wakishangilia. Embe bichi halingoji mtu. Embe lililokatwa vipande na kukaushwa linakaa miezi mingi na linauzwa kwa bei unayotaja wewe. Kwa hiyo kikundi kiliamua kutafuta kikaushio cha jua: fremu ya chuma, karatasi ya plastiki ya kuzuia miale mikali, trei za wavu, na feni ndogo ya sola. Fundi wa kulehemu wa hapo sokoni alichora kwa chaki kwenye mlango wa karakana yake na kutaja bei. Pamoja na mizani, visu, meza na mashine ya kufunga pakiti, jumla ilikuwa shilingi 250,000.

Kila ukoo una mtu wa kompyuta. Kwetu ni mimi. Ukiwa mtu wa kompyuta wewe ndiye hurekebisha simu zilizoanguka ndani ya sufuria, ndiye hufungua akaunti za watu waliosahau nywila, na ndiye hupigiwa simu saa tatu usiku tangazo la ruzuku likionekana kwenye WhatsApp.

"Mwanangu, kuna pesa hapa. Lakini wanataka kitu kwa intaneti."

Nilifungua tovuti. Kwa kazi yangu nimetengeneza fomu nyingi na sipendi kucheka kazi ya mwenzangu, kwa sababu kila fomu mbaya ina mkutano mbaya nyuma yake. Lakini hebu niwaeleze. Hatua tisa. Ukikaa dakika 20 bila kubofya inakutoa nje na kufuta ulichoandika kwenye hatua hiyo. Kila faili lisizidi MB 2, na picha moja kutoka kwa simu ya mama mdogo ni MB 4. Kila jibu lina kikomo cha maneno 150, na yawe kwa Kiingereza. Aliyeitengeneza aliijaribu ofisini, kwa laini ya nyaya, saa nne asubuhi, na ikapita. Hakuijaribu juu ya kiti cha saiba cha Wote, ambapo unalipia kila dakika na umeme una tabia zake.

Hayo ya kiufundi si neno, nilikaa nayo jioni tatu yakaisha. Hatua ya sita ndiyo iliyotusimamisha. Hapo walitaka jedwali la mantiki ya mradi: lengo kuu, malengo mahususi, matokeo, shughuli, viashiria, njia za kuthibitisha viashiria, na mambo tunayoyachukulia kuwa yatakuwa hivyo bila sisi kuyasimamia. Mama mdogo aliniuliza hiki ni kitu gani. Nilikwenda kusoma asili yake, maana mimi ni mtu wa kutaka kujua kitu kilianzia wapi. Jedwali hili lilibuniwa 1969 kwa ajili ya USAID, lililokuwa shirika la misaada la serikali ya Marekani, kwa sababu wakubwa wa huko walishindwa kujua kama miradi yao mikubwa ilikuwa ikifaulu au la. Wajerumani wakalichukua na kuliboresha miaka ya 1980, kisha kila mfadhili akalipenda. Ni chombo kizuri kwa barabara ya kilomita 200. Likafika kwa wanawake 22 wenye wazo la kukausha maembe, likiwa na visanduku vile vile, bila kupunguzwa hata kimoja.

Tulilijaza. Kwenye kisanduku cha "mambo tunayoyachukulia" mama mdogo alisema niandike: mvua inyeshe, na pesa zije kabla ya Desemba. Shikilieni hilo la pili.

Sasa njooni kwenye hesabu, kwa sababu hakuna mtu huiweka hadharani. Kuomba ruzuku kunagharimu pesa. Mama mdogo ni mtu wa daftari, hakuna shilingi inayopita bila kuandikwa, kwa hiyo ninayo yote. Nauli za kwenda mjini kufuatilia cheti cha usajili wa kikundi, mara tatu, kwa sababu mara ya kwanza afisa alikuwa kwenye semina na mara ya pili muhuri ulikuwa kwenye semina. Taarifa ya benki ya miezi 12 yenye muhuri. PIN ya kikundi ya KRA. Mhasibu wa kukagua vitabu na kuweka sahihi, ambaye hakuja kwa bei ya undugu. Kuchapa, kuskani, fotokopi za vitambulisho vya viongozi. Bei za makadirio kutoka kwa wauzaji watatu, ambapo ilibidi watu wawili waende hadi Machakos kwa sababu Wote hakuna watu watatu wanaouza kitu kile kile. Jumla shilingi 14,300. Siku za kazi zilizopotea, ukihesabu kila mtu aliyetumwa mahali, ni 11. Jioni zangu sizihesabu, mimi ni mtoto wa nyumbani.

Na hiyo ni kabla hujajua kama utapewa. Kikundi kikinyimwa, hiyo 14,300 imekwenda na maji. Mfadhili akipokea maombi mengi na kufadhili machache, waliokosa kwa pamoja wanaweza kuwa wametumia pesa zinazokaribia zile zilizotolewa. Hebu fikiria hilo. Unaweza kuendesha mfuko wa ruzuku ndogo ambao, ukijumlisha vijiji vyote, umeviacha maskini kuliko ulivyovikuta, na ripoti yako ya mwaka ikawa na picha za watu wanaotabasamu.

Sisi programu-programu tunaijua hali hii. Kuna kazi ambayo gharama yake ya kuanzisha ni ile ile, iwe unatuma baiti kumi au gigabaiti kumi. Ukiwa na mzigo mkubwa huioni. Ukituma vipande vidogo vidogo, salamu zinakuwa ndefu kuliko ujumbe. Dawa tunaijua: unapunguza salamu. Kwenye ruzuku wamepunguza ujumbe na kuacha salamu vile vile.

Ombi lilitumwa Julai. Jibu la kompyuta lilirudi dakika hiyo hiyo, kushukuru. Oktoba wakaandika kwamba tumepita hatua ya kwanza, na wanaomba nakala za karatasi zile zile, safari hii kwa barua pepe. Desemba maembe yakaanza. Januari wakaomba barua ya chifu. Februari mkataba, kurasa 19, kila ukurasa uwekwe herufi za jina na viongozi watatu. Pesa ziliingia benki katikati ya Machi.

Miti ilikuwa mitupu. Nilikwenda wikendi ile. Chini ya mwembe wa mama mdogo kulikuwa na kokwa zilizokauka na njia za siafu. Wanawake walikuwa wamepata pesa walizokuwa wakizingoja miezi minane na nyuso zao zilikuwa kama za watu walioletewa mwavuli mvua ikishakatika. Na mkataba ulisema pesa zitumike ndani ya miezi sita, na ripoti ya mwisho ya Septemba ionyeshe "kilo za maembe yaliyokaushwa". Septemba. Muulizeni mtu yeyote wa Ukambani maembe ya Septemba yako wapi.

Kikaushio walikinunua. Hata hapo kulikuwa na kituko. Yule fundi wa chaki hakuweza kupewa kazi kwa sababu mfadhili alitaka risiti rasmi za kodi, naye risiti yake ni kijitabu cha dukani chenye kaboni. Ikabidi wanunue kwa duka la mjini, fremu nyepesi zaidi, bei ya juu zaidi, na pesa zilizokusudiwa kubaki sokoni kwao zikaondoka na lori. Miezi ya katikati wamekausha majani ya kunde, na yanauzwa vizuri tu. Lakini kunde haikuwa kwenye jedwali la mantiki. Tuliandika ombi la kubadilisha kiashiria. Ndiyo, kuna fomu ya hilo.

Sasa niwaambie nilichokiona kwenye safari ile ile, Alhamisi, siku ya mkutano wao. Kwangu hapo ndipo penye kiini.

Wanawake wale wana sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo ziko kwa watu watatu wanaoishi sehemu tofauti, na hakuna kati yao aliye kiongozi. Sanduku hukaa kwa mtu wa nne. Halifunguliwi ila mbele ya wote. Mfumo huu hawakuubuni wao, na sijui kama wanajua ulikotoka. Ulianzia Niger mwaka 1991, kwa wanawake wa huko wakisaidiwa na shirika la CARE, ukasambaa Afrika yote kwa miguu na kwa matatu. Watu huweka hisa, hukopa kutoka kwenye hisa hizo, hulipa na riba wanayokubaliana wenyewe, na mwisho wa mwaka hugawana vyote na kuanza upya.

Ninavyoona mimi kama mtu wa mifumo, lile sanduku ni kazi nzuri ajabu. Pesa huhesabiwa kwa sauti na wahesabu wawili mbele ya kila mtu. Kila mwanachama ana kijitabu chake chenye mihuri ya hisa, kwa hiyo hata daftari kuu likiungua hesabu inaweza kujengwa upya kutoka kwa vijitabu 22. Na mwisho wa mkutano, kabla ya kufuli kurudishwa, mwenyekiti anataja salio na wote wanalirudia kwa mdomo. Mkutano unaofuata unaanza kwa kuulizwa: tuliacha ngapi? Wanajibu kwa pamoja, kisha sanduku linafunguliwa na kuhesabiwa. Wanawake 22 wamebeba namba ile ile kichwani wiki nzima, na hakuna mtu anayeweza kuibadilisha bila kuwabadilisha wote. Kuna vijana Nairobi wanapewa mamilioni kujenga kitu cha namna hii kwa kompyuta na bado kinaanguka.

Alhamisi hiyo mwanachama mmoja aliomba mkopo wa shilingi 6,000 wa dharura. Aliulizwa maswali manne. Moja lilikuwa kali, kuhusu mkopo wa mwaka juzi aliouchelewesha, na alilijibu amesimama. Walipiga kura ya mikono. Alitoka na pesa. Nilitazama saa ya simu yangu: dakika 9.

Kwenye fomu, hatua ya saba, kulikuwa na swali: "Eleza mifumo ya udhibiti wa fedha ya shirika lako." Maneno 150. Tuliandika kuhusu sanduku. Afisa akatujibu kwa barua pepe kwamba fedha taslimu ni hatari, na akapendekeza tuwe na akaunti ya benki yenye watia sahihi wawili kati ya watatu. Akaunti tayari ilikuwapo. Lakini linganisheni wenyewe: watu wawili wanaweza kwenda benki Jumanne wakatoa kila kitu, na wengine 20 wasijue hadi mwezi ujao. Kufuli tatu zinahitaji uwanja mzima wa mashahidi.

Najua mtu ataniambia kwamba wizi upo. Upo, na sitaki kujifanya siujui. Nchi hii tuna mashirika ya mkobani, yenye mwenyekiti mmoja, muhuri mmoja na picha za watoto wa jirani. Nimeyaona, na jambo nililojifunza ni kwamba hayo ndiyo yenye fomu nzuri kuliko zote. Kazi yao ni fomu. Kila hatua unayoongeza kwenye tovuti inamchuja mama mdogo na kumwacha bwana wa mkoba, kwa sababu yeye ana muda, ana Kiingereza na ana mhasibu rafiki.

Na siku hizi hata hicho Kiingereza hakina maana tena. Kuna programu za akili bandia ambazo ukiziambia "kikundi cha wanawake, Makueni, maembe, 250,000" zinakuandikia ombi zima lenye viashiria na njia za kuthibitisha, kwa muda wa kunywa chai. Nimejaribu, na jedwali la mantiki lilitoka safi kuliko letu. Maana yake ni kwamba ile fomu ya hatua tisa, ambayo zamani ilikuwa ikipima angalau ni nani aliyesoma, sasa haipimi chochote. Mfadhili anayesoma maombi 400 yaliyonyooka sawasawa hawezi kujua lipi lina watu nyuma yake. Wengine watajibu kwa kununua programu ya kuyasoma. Kompyuta itamwandikia kompyuta, na katikati yao kutakuwa na mwembe.

Kuna kizingiti kingine ambacho hakitokani na ubaya wa mtu. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ilipitishwa 2013, ikakaa kabatini zaidi ya miaka kumi, na ikaanza kutumika tarehe 14 Mei 2024 badala ya ile sheria ya mashirika yasiyo ya serikali ya 1990. Humo vyama vya ushirika, sacco, na vikundi vya jamii ambavyo malengo yake ni pamoja na kuwanufaisha moja kwa moja wanachama wake havihesabiwi kuwa mashirika ya manufaa ya umma. Kama sheria ya kodi na usimamizi, inaeleweka. Mtu hapaswi kujigawia faida halafu adai msamaha wa hisani. Vikundi vina sheria yao ya usajili ya 2022, ushirika una yake ya zamani. Taabu ni kwamba wafadhili wengi wa ruzuku ndogo huchora mstari wao hapo hapo: wanataka "shirika lisilogawana faida". Wanawake wa maembe wanagawana faida. Ndiyo sababu wanakuja kila Alhamisi. Ukiwaambia waache kugawana ili wastahili kusaidiwa, umewaambia waache kuwa kitu kile kilichokufanya utake kuwasaidia.

Walishawahi kufikiria kuwa ushirika kamili. Sheria inataka watu 10 tu, na wao ni 22. Lakini ushirika una ukaguzi wa kila mwaka na ada zake, na kwa mauzo ya msimu mmoja wa miezi minne hesabu haikuwa na maana. Wakasema tungoje kikaushio kwanza.

Je, inawezekana kufanya vingine? Inawezekana, na wapo wanaofanya. Programu ya Ruzuku Ndogo ya GEF, inayoendeshwa kupitia UNDP tangu 1992 na ambayo imefadhili vikundi vingi hapa Kenya, kwa miaka mingi ilikuwa na kikomo cha dola 50,000 kwa mradi, ambazo kwa mama mdogo si ndogo hata kidogo. Ila ina mambo mawili ninayoyapenda. Uamuzi hufanywa na kamati ya nchini ambamo watu wasio wa serikali ni wengi. Na imekuwa ikikubali maombi kwa lugha za wenyeji, hata kwa video. Mtu anasimama mbele ya kamera, anaonyesha mto wake na kusema anachotaka. Utaratibu uliobaki una uzito wake, siwapaki rangi, lakini mlango ni mpana.

Kule Boston, Marekani, mwaka 2009 kulianza kitu kinachoitwa Awesome Foundation. Watu kumi, kila mmoja anatoa dola 100 kwa mwezi kutoka mfukoni mwake. Wanasoma maombi mafupi, wanachagua moja, wanatoa dola 1,000 bila masharti. Mwezi ujao tena. Sasa kuna matawi miji mingi. Nilipomweleza mama mdogo alicheka. "Hiyo ni chama, mwanangu. Tofauti ni kwamba wao wanampa mtu wa nje." Ni kweli kabisa. Wamarekani walianzisha chama wakaandikwa magazetini.

Na karibu zaidi, Kwale, watu wa Gazi na Makongeni wana mradi wa Mikoko Pamoja. Wanatunza hekta 117 za mikoko na tangu 2013 wanauza vyeti vya hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko hiyo. Hiyo si ruzuku, ni biashara, lakini nimeileta kwa sababu ya jinsi pesa zinavyotumika. Si nyingi. Zinaingia kwenye mfuko wa jamii, na wanakijiji wenyewe wanakaa na kuamua: maji, vitabu vya shule, na kadhalika. Zinatarajiwa kurudi mwaka ujao. Hilo la kurudi lina uzito kuliko kiasi. Kikundi kinachojua kwamba pesa kidogo zitakuja tena hupanga. Kinachopata mara moja kwa bahati hununua kila kitu siku hiyo hiyo, kwa sababu nani ajuaye.

Ningekuwa na mfuko wangu, wacha niote kidogo, ningefanya hivi. Fomu ukurasa mmoja, lugha yoyote ambayo mtu wangu mmoja anaielewa. Badala ya vitabu vilivyokaguliwa, mtu wangu aende mkutano mmoja bila kutangaza amekuja kutafuta nini, akae nyuma, aangalie watu wanavyoulizana. Nauli yake hadi Wote na kurudi ni pungufu ya alichokula mhasibu. Tarehe ya mwisho ifuate msimu wa wanaoomba: wa maembe wajibiwe kabla ya Novemba, wa mahindi kabla ya mvua. Waliokosa warudishiwe nauli. Ripoti iwe picha ya kurasa za daftari lao wenyewe, kama lilivyo, na mwandiko wake. Anayeweza kuiba chini ya macho ya wanawake 22 ataiba pia chini ya jedwali la mantiki, tena kwa urahisi zaidi.

Tafadhali msiniandikie kwamba nitengeneze tovuti ya haya. Nimeshaombwa mara mbili. Tovuti za ruzuku zipo za kutosha. Nilichotengeneza ni kitu kidogo cha aibu: programu ya mistari kama 200 ambayo inachukua picha za karatasi za kikundi, inazipunguza hadi chini ya MB 2, inazipanga kwa majina yanayoeleweka, na kumkumbusha mama mdogo kwa SMS mwezi mmoja kabla cheti kuisha. Inafanya kazi kwenye simu yake ya zamani. Vikundi viwili vya jirani vimeiomba, nimewapa bure. Safari ya mhasibu bado haijapata programu.

Mwezi uliopita alikuja afisa wa mfadhili mwingine, msichana mdogo, kwa bodaboda, Alhamisi. Hakuja na kipakatalishi. Alikaa kwenye benchi na akina mama saa tatu, akala muthokoi, na akaomba kuona daftari. Hajatoa pesa, na huenda asitoe. Mama mdogo anasema alimuuliza swali moja ambalo hakuna fomu iliyowahi kumuuliza: ni nani huchelewa kulipa hapa, na huwa mnamfanya nini? Akamfungulia ukurasa wa faini, ambapo jina la kwanza kabisa ni la mwenyekiti.